Nililala Ndani ya Gari la Watu

Jamani, ile video ni mimi. Wiki mbili nzima nimekaa kimya, nikiulizwa nasema yule ni Mkongo fulani wa mtaa wa pili, sasa Wakongo wenyewe wameanza kukasirika, kwa hiyo bora niseme ukweli: yule mwanaume mzima aliyelala chali ndani ya gari jipya la watu, soksi juu, mikono kifuani, kazungukwa na maua na vikaratasi vya kumetameta, ni mimi baba Nasra, mfunga mizigo wa mtaa wa Xiaobei, huku China. Nilikuwa na akili zangu timamu na sikuwa nimekunywa kitu. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa, maana mnaonicheka hamjui hata nusu yake (na hiyo nusu nyingine hata mimi sijaielewa vizuri mpaka leo).

Chanzo ni binti yangu Nasra, ana miaka tisa. Alipasuliwa goti hapa hapa Guangzhou, akafungwa chuma kuanzia pajani mpaka kifundoni, daktari akasema mguu usikunjwe mwaka mzima na kliniki ni kila wiki, nayo iko upande wa pili wa mji. Basi kila wiki ni vita vya teksi, mtoto tunamlaza kiti cha nyuma, mama yake anapiga magoti pale chini pa kuwekea miguu, na madereva wengine wakiuona tu ule mguu wanapunga mkono na kuondoka zao. Kuna siku tulisimama kwenye mvua mpaka saa ya daktari ikapita, tukarudi nyumbani tumelowa, na mke wangu Zuhura akaniambia bila hata kupandisha sauti, "Baba Nasra, mimi kwenye teksi na mtoto huyu sipandi tena. Tafuta gari."

Leseni ninayo (niliufeli mtihani mara mbili, lakini ninayo). Zuhura akasema Jumamosi twende wote, Nasra akajaribu mwenyewe. Mimi nikasema la, mtoto asisumbuliwe, hii niachieni mimi. Hapo ndipo nilipoharibu, ila wakati ule nilijiona nina hoja, kwa sababu kazi yangu miaka kumi na moja ni kupakia makontena, nioneshe kabati, nioneshe jenereta, nikitupa jicho tu nakwambia litaingia au halitaingia. Nikachukua futi kamba, nikamfuata Nasra amejilaza kwenye kochi anatazama katuni, nikampima urefu, upana, na mguu peke yake, nikamchora kwenye karatasi na vipimo pembeni kama ninavyochora mzigo wa mteja.

"Unampima mtoto kama friji?" Zuhura akaniuliza.

Nikamwambia aniache nifanye kazi.

Sasa, ule ukumbi wa magari. Mimi nilidhani gari ni gari, kumbe nimepitwa na wakati. Milango haina vitasa, unasimama tu hapo unapapasa bati kama unatafuta swichi gizani, magari mengine hayana hata sehemu ya kutia mafuta, na majina yake ni herufi na namba utafikiri ni nywila. Akaja dada mmoja muuzaji, anaitwa Chen, mpole, anatabasamu, akaanza kunimwagia maswali. Na Kichina changu mnakijua, ni cha sokoni Yide Lu: bei gani, ghali mno, punguza, katoni ngapi, mzigo unatoka lini. Nje ya hapo mimi ni bubu. Chen akaona nimetoa macho, akaweka simu yake itafsiri, simu ikaniuliza kwa Kiswahili, "Mahitaji yako ya kuendesha ni hisia au ni familia?" Nikajibu "dui," yaani ndiyo. Ikauliza, "Unapenda umbali au unapenda nguvu?" Nikajibu dui. Maswali kama kumi hivi, yote dui, na Chen anaandika, na mimi ninavyomwona anaandika nazidi kuogopa, sijui ananiandikia nini.

Mwisho akanipeleka kwenye gari moja jeupe, refu, la viti saba, akabonyeza mahali, viti vya katikati vikalala vyenyewe vikawa kitanda. Nikasema hili hapa, Nasra atalala kama malkia. Kilichobaki ni kulijaribu, nijilaze mwenyewe nione mtu mwenye mguu mmoja ulionyooka atajisikiaje, ila kujilaza mbele ya yule dada nikaona haya, halafu soksi yangu ya kushoto ilikuwa imetoboka kidole. Kwa hiyo nikaamua kitu kidogo tu, kitu cha kijinga: nikamwambia naenda msalani, nikapanga nikitoka nilinyemelee lile gari, nilale dakika moja, nipime, niinuke, mambo yaishe. Simu nikaiacha mezani inachaji.

Msalani kulikuwa na milango miwili. Nikatokea mlango ambao sio niliouingilia, nikaona gari langu jeupe liko kwenye kona, peke yake, hakuna mtu, na lina ua kubwa jekundu puani. Mtu mwenye akili angejiuliza, lile ua limetoka wapi? Mimi nikasema ah, Wachina na maua yao. Nikafungua, nikavua viatu (sikutaka kuwachafulia watu gari), nikaviingiza ndani, nikafunga mlango, nikabonyeza pale alipobonyeza Chen viti vikalala, nikajilaza mguu wa kushoto umenyooka tiki. Mashallah, kichwa kimeenea, mguu umeenea. Nikafumba macho nijihisi kama Nasra hasa, nisikilize kiuno kinasemaje, na viti vya gari lile, jamani, ni laini sijawahi kuona.

Nilipofumbua, dunia ilikuwa nyekundu.

Nadhani nilipitiwa na usingizi, sijui dakika ngapi. Madirisha mekundu, kioo cha mbele chekundu, mikono yangu yenyewe myekundu. Wazo la kwanza lilikuwa presha, la pili likawa moto. Nikapapasa mlango, hakuna kitasa hata ndani, nikabonyeza kilichobonyezeka, mara sauti ya mwanamke ikanisemesha kwa adabu kabisa. Nikageuka, hakuna mwanamke. Kumbe ni gari linaongea! Likaniuliza kitu. Mimi nifanyeje, nikajibu dui. Kiti kikaanza kunikanda mgongo. Likauliza tena, dui, muziki ukawaka. Likauliza tena, nikasema dui dui dui kwa hasira, kioo cha paani kikafunguka chote na kitambaa kizito chekundu kikaniporomokea usoni.

Wakati nahangaika nacho, huko nje ikalia paa! Paa! Paa! Nikajua hizo ni risasi. Nikajitupa chali, nikaweka mikono kifuani, nikatoa shahada kimyakimya. Ukafuata upatu, gooong, na kile kitambaa kikavutwa chote kwa mkupuo mmoja.

Hapa kwao, kama hamjui, mtu akija kuchukua gari lake jipya anafanyiwa sherehe kama bwana harusi: gari linapambwa, linafunikwa kitambaa chekundu, wafanyakazi wanafyatua mabomba ya vikaratasi, mwenye gari anavuta kitambaa na ukoo mzima unapiga picha. Mbele yangu alisimama bibi mmoja wa Kichina mwenye koti jekundu na maua mkononi, nyuma yake mwanawe kashika ufunguo wa boksi mkubwa kama mlango, mkwe, wajukuu, na wafanyakazi wote na simu zao juu. Chen alikuwa pembeni kaziba mdomo. Langu, lile la majaribio, nikaliona kule mbali, limekaa pale pale nilipoliacha, halina ua.

Muziki tu ndio uliokuwa unalia. Nikajua ni lazima niseme neno, nikalitafuta neno kichwani, pole, samahani, chochote, na kinywa changu cha sokoni kikatoa kile kilichozoea kutangulia kila siku.

"Tai gui le!"

Yaani, ghali mno.

Nimelala chali ndani ya gari la mama wa watu, ninakandwa mgongo, namwambia ghali mno. Bibi akanikazia macho, kisha akamgeukia mwanawe akaanza kumporomoshea maneno. Chen alikuja kuniambia baadaye kwa ile simu yake kwamba bibi alisema, "Nilikwambia! Hata mgeni aliyelala ndani anaona wamekupiga!" Yule kijana akawa mwekundu, meneja akaja mbio, bibi akaanza kudai apunguziwe, wajukuu wanacheka, na katikati ya zogo lote hilo mimi nahangaika kuinuka na kiti hakitaki kuacha kunikanda.

Nilipotoka, futi kamba ikaanguka, na ile karatasi pia. Bibi akaiokota. Akamtazama yule mtoto niliyemchora, mguu mmoja umenyooka kama fimbo, namba pembeni, akaninyooshea huku ananiuliza jambo. Sina maneno. Nikaonesha kwa mkono kimo cha Nasra, nikaukaza mguu wangu wa kushoto, nikatembea mbele ya watu wote na soksi yangu iliyotoboka, nachechemea hivi, naburuta hivi, halafu nikaonesha kile kiti. Kicheko kikakoma. Nami nikahisi machozi yananijia, sikuyataka kabisa, wala sijui kama ni ya aibu au ya nini. Bibi akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, akanipigapiga begani, akaendelea na meneja wake pale alipoishia.

Mimi nilisindikizwa mpaka getini kwa heshima zote, nikakabidhiwa begi na simu yangu, "bosi, karibu siku nyingine." Nikarudi bila gari, na kliniki ilikuwa keshokutwa.

Video ilinitangulia nyumbani. Nafungua mlango namkuta Nasra anacheka mpaka anakohoa, na tangu apasuliwe sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Zuhura akaniuliza, "Ulikuwa unapima au ulikuwa unakata roho?" Nikaketi chini, nikawaeleza yote, kitanda kile kilivyo laini, mguu ulivyoenea. Nasra akanisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini baba," akasema, "nani kakwambia mimi nataka kulala?"

"Si mguu, mama?"

"Mguu ndio unataka kunyooka. Mimi nataka kukaa. Nikilala naona dari ya teksi tu."

Zuhura akaichukua ile karatasi yangu ya vipimo, akaikunja.

Jumamosi iliyofuata tukaenda wote, duka lingine (lile la kwanza siwezi kukanyaga), Nasra akapanda na kushuka magari saba, akatuchosha, akachagua kigari kidogo cha buluu ambacho mimi nisingelikitazama mara mbili: kiti cha mbele kinasukumwa mpaka mwisho, yeye anakaa nyuma dirishani, mguu umenyooka zake. Kwa hiyo ninyi chekeni, nimeshazoea, huko mtaa wa Dengfeng siku hizi naitwa Bosi Ghali, lakini nimeapa sitamchagulia tena mtu kitu cha mwilini mwake bila kumuuliza, hata kiwe kandambili.

Siku ya kwanza kumpeleka kliniki na lile gari, tulipopanda darajani alishika kioo kwa mikono miwili akapiga kelele, "Baba! Kumbe huku kuna mto!" Miezi mitatu tulikuwa tumeuvuka kila wiki, kwenda na kurudi. Nikahamia njia ya pembeni, nikaendesha polepole mpaka daraja likaisha.