Matangi Makavu ya Rungwe Mpya

Stashahada yangu ya matengenezo ya ndege niliipata Afrika Kusini. Karo nilijilipia mwenyewe kwa kufyatua matofali, bila mjomba wala mfadhili. Niliporudi Kibondo, kwetu Waha, hapakuwa na mtu pale uwanjani aliyeijua ndege kama mimi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Siku hiyo mfanyabiashara mmoja, mgeni wa mkoa aliyerusha ndege yake mwenyewe, alikuwa amefuata kivuli na kuegesha kindege chake ukingoni mwa uwanja, ardhi inapoinama. Ndege ikilala upande, mafuta ya bawa la juu huhamia bawa la chini. Yeye alifungua kifuniko cha bawa la chini tu, akakuta mafuta yamefika mdomoni, akaridhika.

"Bosi, tuisukume hadi kwenye tambarare," nikamwambia. "Nipime matangi yote mawili kwa kijiti. Pipa langu lipo, tutaongeza."

Akawageukia walimu waliokuwa wakisubiri ndege nyingine. "Mmemsikia? Muha akipata cheti, atakufundisha hata kupumua!"

Wakacheka. Mmoja alicheka hadi akafuta machozi. Sura yake ninayo mpaka leo. Mfanyabiashara akapaa bila kupima wala kuongeza hata tone.

Injini ilizimika juu ya Rungwe Mpya. Kindege kikashukia shamba la maharage la bibi mmoja, gurudumu la mbele likavunjika, mwenyewe akatoka na mchubuko kwenye paji la uso. Kisha akashika simu. Kabla ya jioni Kibondo nzima ilikuwa imeambiwa kwamba mafuta yangu yalikuwa na maji. Marubani wakaanza kulikwepa pipa langu. Jina langu, kitu pekee nilichorudi nacho nyumbani, lilikuwa linaoza mbele ya macho yangu.

Mkaguzi wa ajali za ndege alipofika Rungwe Mpya, nami nilikuwa nimeshafika kwa pikipiki. Kijiji kizima kilijaa shambani. Alifungua matangi, akatumbukiza kijiti kulia, kisha kushoto. Kikatoka kikavu. Akafungua vali za chini: hakuna maji, hakuna tone. Matangi hayakutoboka, wala nyasi hazikunuka petroli.

Rubani akanivuta pembeni. "Ndugu yangu, tuyamalize wenyewe."

"Ulinichafua hadharani," nikasema. "Nisafishe hadharani."

Akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akatazama kijiti.

"Mafuta yaliniishia," akanong'ona. "Fundi hana kosa."

Wazee wengi pale Kiswahili hawakielewi vizuri. Nikawatafsiria kwa Kiha, polepole, neno kwa neno. Sikuongeza chochote, hapakuhitajika chumvi.

Bibi mwenye shamba akaguna. "Baba, hata vijana wetu wa bodaboda hutikisa tangi kabla ya kuondoka."

Kicheko kilipasuka, nami nikakinywa chote. Rubani akaninyooshea mkono. Nikaingiza wangu mfukoni, nikamwomba arudie kwa sauti, kwani waliosimama nyuma hawakusikia.