Yeye asuka, mteja asoma: saluni ambako riwaya haiachwi njiani

Saa tatu asubuhi, mlango wa saluni uko wazi na harufu ya mafuta ya nywele imeshatangulia barazani. Ndani, mwanamke wa makamo, mnene wa wastani, amesimama nyuma ya kiti cheusi. Kwa mkia wa chanuo anapasua njia kutoka kwenye paji la uso wa mteja hadi kisogoni. Njia imenyooka kama imepigwa rula. Anachota mafuta kwa kidole, anapaka, anaanza kusuka.

Mteja ni muuguzi aliyetoka zamu. Shingo ameinamisha, kitabu kiko mapajani, na anasoma kwa sauti:

"Mlango ukagongwa mara ya pili. Shemeji mtu hakungoja kukaribishwa…"

"Nilijua tu!" anadakia mama aliye chini ya draya, akichomoa kichwa. "Huyo shemeji ndiye anayeitaka nyumba ya mjane. Mtaona."

"Rudisha kichwa, nywele bado mbichi," msusi anamwambia bila kuinua macho. Kisha anamgeukia muuguzi: "Endelea, dada. Na usiruke mstari, nakusikia."

"Wewe nawe usiruke mstari kichwani kwangu," muuguzi anajibu, na saluni nzima inaangua kicheko.

Hii ndiyo sheria ya chumba hiki kidogo chenye kioo kimoja kirefu na benchi la mbao: anayeketi kwenye kiti cheusi ndiye msomaji. Kusuka kichwa kunaweza kula nusu siku. Mikono ya msusi ina kazi, ya mteja haina. Basi mteja hushika kitabu, msusi hushika nywele, na hadithi husonga mbele.

Mtaani msusi huyu wanamwita Mama Sura. Wageni hudhani jina hilo ni sifa ya uzuri wake, naye hawakatazi.

"Mume wangu mwenyewe aliniuliza, nani kakupa jina la kukusifia sura wakati mimi nipo," anasema akicheka hadi chanuo linamponyoka. "Nikamwambia tulia, baba. Ni sura za kitabu. Kila anayeingia namuuliza, tulifika sura ya ngapi?"

Mwandishi wa makala haya naye hakusalimika. Muuguzi alipotaka kunywa chai, kitabu kilihamishiwa benchini, na maswali ya mahojiano yakabidi yasubiri hadi sura iishe. "Hapa hakuna mgeni," Mama Sura alisema. "Soma kwanza, utaniuliza baadaye."

Alijifunza kusuka kwa shangazi yake, baada ya kumaliza darasa la saba na kukosa njia ya kuendelea. Mama yake alikuwa mgonjwa, wadogo zake walihitaji kula. Shangazi alimkalisha barazani, akampa mdoli wa nyuzi za katani, akamwambia asuke na kufumua, asuke na kufumua, mpaka vidole vijue vyenyewe.

Vidole vilijua. Lakini moyo ulikuwa umebaki kwenye kabati la vitabu la shule, ambako kila Ijumaa alikuwa akiazima hadithi na kuirudisha Jumatatu ikiwa imesomwa na yeye, dada yake na nusu ya majirani.

"Watu walidhani nalilia shule," anasema. "Mimi nilikuwa nalilia hadithi. Kuna moja niliacha katikati, msichana yuko juu ya paa na mafuriko yanapanda. Mpaka leo sijui kama alishuka."

Alipofungua saluni yake, alianza kununua riwaya kuukuu kwa wauza vitabu wa chini ya mabati, sokoni. Shida ilikuwa muda. Nyumbani kulikuwa na watoto, na kazini mikono ilijaa nywele. Akabuni njia yake: kitabu wazi juu ya meza ya mafuta na machanuo, jicho moja kwa mteja, jicho jingine kwa hadithi.

Mambo mawili kwa wakati mmoja yalimshinda fisi. Mama Sura naye hayakumkalia vizuri.

"Muuguzi huyu huyu," anasema, akimgusa bega mteja wake. "Nilimpasua njia, ikaenda kama nyoka kamwona mtu."

"Nikaitazama kwenye kioo," muuguzi anapokea simulizi, "nikamwambia, mama, hebu nipe hicho kitabu nikusomee, kabla hujanipasua kichwa upande mmoja. Nilidhani nasoma kurasa mbili tu. Nikafumuliwa, nikasukwa upya, na sikuona saa zikipita. Kesho yake nikarudi kuuliza nini kilitokea."

Kuanzia hapo ikawa desturi. Wako wasomaji wa kila aina. Yupo askari polisi ambaye kwake kila mhusika, hata mtoto mchanga, huzungumza kama anatoa amri. Yupo mwalimu anayekunja uso kila anapokutana na kosa la uchapaji. Yupo muuza mitumba anayelia kabla wahusika hawajalia, na ikibidi humpokonya mwenzake kitabu ahakikishe mambo yameishia salama.

Hata bibi harusi mmoja aliwahi kugoma kutoka. Magari yalipiga honi nje, shangazi wa bwana harusi akaingia amefura, akauliza kwa nini wanamchelewesha mtoto wa watu.

"Zimebaki kurasa mbili, shangazi," bibi harusi akamwambia.

Shangazi akaweka mkono kiunoni, akasikiliza mistari miwili ya msiba. Kisha akavuta benchi. "Haya, someni haraka. Na huyo aliyekufa ni nani?"

Si kila siku ilikuwa ya vicheko. Ng'ambo ya barabara ilifunguliwa saluni mpya, yenye vioo ukuta mzima na televisheni kubwa kama kitanda. Wateja wa Mama Sura wakaanza kuvuka barabara. Siku moja akakaa kutwa akipanga na kupangua chupa za mafuta.

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alimshauri anunue televisheni. Wenzake wakamwambia watu hawataki kusoma tena, wanataka kutazama. Alikaribia kukubali.

"Nilikuwa nimeshachagua ukuta wa kuitundika," anakiri. "Kisha akaingia muuza mitumba, kichwa kimesukwa kule ng'ambo, kinang'aa. Nikamuuliza, umefuata nini na umeshasukwa? Akaniambia, nimefuata kujua kama yule dereva alimrudia mkewe."

Muuza mitumba alikaa benchini akasomewa sura tatu. Mwezi uliofuata alirudi na nywele zake. Wengine wakafuata mmoja mmoja, na ukuta ule ukawekwa rafu. Rafu hiyo imechomelewa na mumewe, ambaye sasa huipita akiipigapiga kama mtu anayemsifu ng'ombe wake.

"Kazi yangu hiyo," husema. "Hata mkivipanga vitabu mpaka dari, haipindi."

Lakini ukimuuliza Mama Sura ni jambo gani linalomfanya atembee kifua mbele, hataji rafu wala wateja waliorudi. Anamtaja fundi cherehani wa duka la tatu kutoka kwake.

Fundi huyo, mama wa watoto wakubwa, alikuwa mteja wa siku nyingi. Kila akipewa kitabu alikuwa na sababu. Leo miwani ameisahau, kesho koo linawasha, keshokutwa anaomba asikilize tu maana amechoka na kelele za cherehani. Mama Sura hakushuku kitu. Alimwona mvivu, basi.

Alasiri moja mvua ilinyesha, wakabaki wawili. Mama Sura akamkabidhi kitabu. Fundi akakishika, akakigeuza, akakifunga.

"Mwenzangu," akasema akimtazama kwenye kioo, "mimi sijui kusoma. Jina langu naweza kukushonea kwenye kitambaa, herufi kwa herufi, kwa kuiga. Ukiniuliza ile ya kwanza inaitwaje, sijui."

Mama Sura anasema mikono yake ilisimama. Alizunguka kiti, akachuchumaa mbele ya rafiki yake.

"Nikamwambia, dada yangu, umenisikiliza miaka yote hii, na mimi sikukusikia. Nisamehe. Kisha nikachovya kidole kwenye mafuta ya nywele, nikaandika herufi ya kwanza ya jina lake pale kwenye kioo."

Wakaanza hivyo. Fundi alikuja mapema, kabla saluni haijajaa, akachorewa herufi kwenye kioo kisha zikafutwa kwa kitambaa. Alizishika kwa njia yake mwenyewe. Hii ni ndoana, hii ni kifungo, hii ni mshono uliorudi nyuma. Silabi zikaja, kisha maneno. Siku nyingine alikasirika akasema ubongo wake umeshapigwa pasi, hauingizi mkunjo mpya. Mama Sura akamwacha anune, akamchorea neno jingine. Hakuna mtu mwingine aliyeambiwa.

Ndipo ikafika siku ya sura ya mwisho ya riwaya moja nene waliyoisoma kwa miezi. Saluni ilijaa hadi mlangoni, wengine hawakuwa na nywele za kusukwa, wamefuata mwisho tu. Kwenye kiti cheusi aliketi fundi cherehani. Muuguzi, kwa mazoea na bila kujua, akamwekea kitabu mapajani.

"Zamu yako, fundi. Leo hatukubali habari za miwani."

Mama Sura alikuwa nyuma yake na nywele mkononi. Alifungua mdomo amwokoe. Fundi akatikisa kichwa, akafungua kitabu.

Alisoma taratibu, kidole chini ya neno. Mwanzoni watu walitazamana. Alipofika kwenye neno "urithi" alikwama. Akarudi, akakwama tena. Askari polisi akavuta pumzi amsaidie, na mama wa draya akamfinya paja. Chumba kikangoja. Nje muuza maji alipiga kelele, hakuna aliyegeuka.

"U-ri-thi," fundi akasema. Kisha, kwa sauti iliyonyooka: "Urithi wangu."

Akaendelea hadi kituo cha mwisho. Ilichukua muda ambao mwingine angemaliza sura mbili, na hakuna aliyeondoka. Alipofunga kitabu, muuza mitumba alikuwa analia kama kawaida yake, ila safari hii hakuwa peke yake. Muuguzi aliinuka akamkumbatia fundi na nywele zake nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

"Kumbe tulikuwa tunamdai miwani," anasema muuguzi sasa, akipangusa jicho. "Mungu atusamehe."

Fundi mwenyewe, alipotafutwa dukani kwake, hakusimamisha cherehani kwa muda mrefu. "Andika hivi," alisema. "Andika kwamba niliimaliza mwenyewe sura ile, hakuna aliyenishikia neno. Na andika kwamba sasa maelezo ya dawa ya mume wangu nayasoma mimi." Akakata uzi kwa meno. "Na barua za watoto, ingawa siku hizi wananitumia sauti tu. Nimewaambia waache uvivu, waandike."

Mama Sura anaposimulia kisa hicho, kifua humjaa. "Nimesuka maharusi, nimesuka wakubwa," anasema. "Nywele hufumuliwa. Yule kusoma kwake hakufumuki."

Sasa amekodi chumba cha pembeni kilichokuwa stoo ya saruji. Mumewe anachomelea viti, fundi anashona mapazia. Kitakuwa chumba cha kusomea kwa yeyote, mwenye nywele za kusukwa na asiye nazo, na asubuhi mbili kwa wiki fundi atakaa pale na wanawake wanaotaka kuanza na herufi. Watatu wameshajiandikisha. Mmoja wao anafanya kazi saluni ya ng'ambo ya barabara.

Kinyozi hajinyoi, lakini siku ya kufungua chumba hicho Mama Sura amepanga kusukwa na bintiye mkubwa, aliyerithi vidole vya yule shangazi aliyemfundisha mama yake. Ataketi kwenye kiti cheusi, na sheria ya kiti anaijua.

"Nimesomewa miaka na miaka," anasema, akishika fungu jipya la nywele. "Siku hiyo nasoma mimi, na wao wote wanyamaze."