Vidole Vitatu Juu ya Mshipa

Kaka yangu ni fundi wa dari. Hupandisha mbao nyeupe za jipsam, huziba maungio, kisha hulainisha plasta mpaka taa ikiwashwa usione hata mstari. Maisha yake yote ameyaishi mikono juu, shingo nyuma. Mtaani anaitwa Dari. Hata mkewe, akikasirika, humwita hivyo hivyo.

Mwaka jana bega lake la kulia liligoma. Kwanza lilimkatalia ubao, kisha shati, mwishowe kitana. Hospitali walisema bega limeganda, wakampa mazoezi na kumwomba subira. Mazoezi aliyafanya kwa kununa. Subira hakuwa nayo. Usingizi nao ukamkimbia. Wifi ndiye aliyeleta habari za tabibu wa tiba ya sindano ya Kichina.

"Sindano?" Kaka alishtuka. Huyu mtu hutembea juu ya ubao mwembamba, hewani, akipiga mluzi, lakini akiona sindano hutafuta mlango. "Niacheni na bega langu. Tumeshazoeana."

Wifi akanigeukia. "Mdogo wake ni wewe. Mburute."

Nikamburuta. Kwenye simu tulikuwa tumeambiwa asije na njaa, avae nguo pana, na abebe dawa zote anazotumia, hata za mitishamba. Alikula kama anayekwenda vitani.

Chumba kilikuwa na kitanda chembamba, shuka iliyopigwa pasi na harufu ya spiriti. Tabibu, mama wa makamo mwenye mvi, alituketisha na kuanza maswali. Analalaje? Choo anapata vizuri? Husikia baridi au joto? Kaka akaninong'oneza, "Mbona ananihoji kama nimekuja kuposa?"

"Nionyeshe ulimi, baba," tabibu akasema. Akautazama. Kisha akalaza vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wa Kaka, akafumba macho.

Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Akahamia mkono wa pili, akarudi wa kwanza.

"Moyo wako hurukaruka?"

"Nikipanda ngazi tu, daktari. Uzee huo."

"Sasa hivi umekaa kitako, na unaruka." Akaachia mkono taratibu. "Leo sikudungi. Mapigo yamevurugika. Vidole vyangu vinaniambia hivyo tu, sababu yake haviniambii. Hilo ni la hospitali. Nendeni sasa hivi, msingoje kesho."

Tulikuja kwa ajili ya bega, na huyu mama alikuwa amesikia kitu ambacho Kaka mwenyewe alikuwa anakibeba bila habari.

Hospitali walimfunga nyaya kifuani. Mashine ikachora mistari iliyokwenda ovyo, na daktari akatueleza kwamba moyo ukidunda vile damu huweza kuganda ndani yake, bonge likapanda mpaka kwenye ubongo. Akampa dawa. Tuliporudi nyumbani, mlangoni, Dari akaniambia, "Mdogo wangu, nimekaa na huu moyo tangu nizaliwe. Sijawahi hata kuusalimia."

Hali ilipotulia, na daktari alipoturuhusu, tulirudi kwa tabibu. Akasoma pakiti za vidonge. "Hizi huifanya damu isigande upesi. Umefanya vema kuniambia. Nitatumia sindano chache, tena kijuujuu. Na usiache hata kidonge kimoja kwa ajili yangu."

Akafungua pakiti mpya mbele yetu, akatuonyesha kopo gumu ambamo kila sindano hutupwa ikishatumika mara moja. Kaka akafumba macho, akanibana vidole mpaka nikauma meno.

"Uniambie ukianza."

"Mkono nimeshamaliza, baba."

Akafungua jicho moja. Zilikuwa zimesimama pale, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Nyingine tabibu akaichoma chini ya goti, mbali kabisa na bega.

"Unasikia nini?"

"Uzito... kama maji yanasambaa ndani kwa ndani." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeingia chumba asichokijua katika nyumba yake mwenyewe. Mara akaanza kukoroma. Mimi nikabaki nimeduwaa, naangalia kifua chake kikipanda na kushuka.

Hakuamka amepona. Alipata uchovu na alama ndogo ya bluu pale sindano ilipoingia, na tabibu alikuwa ametuonya juu ya vyote viwili. "Wengine hupata nafuu," alisema, "wengine kidogo, wengine hawaoni kitu. Tusipoona mabadiliko nitakwambia wazi." Kaka akaendelea kwenda, na mazoezi akayafanya bila kununa.

Asubuhi moja wifi akanipigia simu akipiga kelele: Dari ameteremsha sufuria kutoka rafu ya juu, kwa mkono wa kulia, bila mwenyewe kutambua.

Ni sindano, ni mazoezi, au ni muda tu? Nilimuuliza Kaka. Akasema hajui, akaomba chai.