Aya ya Pili ya Barua Yako

Nakumbuka mchana mmoja wa Columbus, mwanangu. Nimekaa kwenye kiti cha ngozi katika ofisi ya mawakili, viatu vya kuazima vinanibana, na mwanamke mwenye mvi ameweka kalamu yake mezani na kuniuliza swali ambalo sikuwa nimelisomea. Swali lenyewe nitakuambia. Lakini kwanza nikujibu kuhusu barua yako ya kuomba nafasi kwa mawakili, maana najua umeisubiri wiki nzima na hukulelewa kuuliza mara mbili.

Nimeisoma. Nimeisoma kwenye duka moja la Grant Street nikisubiri nikatiwe nyama ya mbuzi, halafu nikairudia nyumbani na miwani. Ni barua nzuri. Kiingereza chako kinanizidi, na hilo linaniudhi kidogo, kwa sababu mimi shangazi yako ndiye wakili wa miaka mingi hapa Buffalo na wewe bado uko shule ya sheria huko Louisville. Kuna mahali umeacha jina la ofisi nyingine chini ya barua. Zipitie zote kumi na mbili unazotuma, moja moja. Ukibadilisha anwani juu ukasahau jina chini, wataitupa siku hiyo hiyo. Hayo ni madogo, yanarekebishika kwa dakika tano.

Iliyonikosesha raha ni aya ya pili, ile ya baba yako.

Sitaandika hapa kilichomo. Wewe unakijua, na sasa na mimi nakijua. Mimi na baba yako tumetoka tumbo moja, tumekimbia Uvira tumeshikana mikono, tumekulia kwenye hema moja kambini Kigoma, na hilo lililompata kazini kwake hapo Louisville hajawahi kuniambia. Nimelijua kwa barua yako. Jumapili alinipigia kama kawaida, akaniuliza theluji ya Buffalo imefika wapi, akanisimulia gari lake linalogoma kuwaka, nami nikawa naitikia tu huku najua. Sikupenda nilivyojisikia.

Ndiyo maana nataka nikusimulie ya kwangu. Weka chai, usiwe na haraka.

Nilikuwa na umri wako, mwaka wa pili wa sheria, naishi Columbus, mtaa wa Northland, kwenye yale majumba ya kupanga nyuma ya Morse Road. Kanisani kwetu mimi ndiye niliyekijua Kiingereza vizuri, basi nikawa mkalimani wa kila mtu. Hospitali mimi, shule za watoto mimi, barua za mwenye nyumba mimi, ofisi ya leseni mimi. Walinishukuru kwa sombe, kisamvu chetu, na maombi. Nilibeba kichwani mambo ya nusu ya kanisa, na nilijiona mtu mkubwa kweli kweli.

Kati ya hao alikuwepo mama mmoja nitakayemwita Mama Neema. Si jina lake. Alifanya kazi kwenye ghala la viatu, aliimba kwaya, na alikuwa na jambo zito ambalo kwa mwaka mzima lilitupeleka hospitalini na mahakamani. Lilikuwa jambo la aibu kwa jinsi watu wetu wanavyoipima aibu, ingawa kosa halikuwa lake. Kila mahali niliingia naye. Alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, nikasema kwa Kiingereza, na alipolia mimi ndiye niliyewaomba wamsubiri.

Sasa ikatokea ofisi moja kubwa ya mjini inatafuta wanafunzi wawili wa kufanya nao kazi kiangazi. Unajua mwenyewe ilivyo: wakikuchukua kiangazi na wakakupenda, kazi ya baada ya shule umeshaishika mkononi. Ukikosa, unaanza kuhangaika. Nilikuwa nimekataliwa na ofisi tisa. Alama zangu zilikuwa za kawaida, sikuwa na mjomba wakili, na wenzangu darasani walikuwa wamewajua mawakili tangu utotoni, kwenye meza za chakula za nyumbani kwao. Nikajiuliza nina nini ambacho wao hawana. Jibu likaja haraka mno. Nina Mama Neema.

Nikamwandika. Jina sikulitaja, nikajipongeza kwa uangalifu wangu. Nilisema tu mama wa watoto sita kutoka Kongo, mwimbaji wa kanisani, mfanyakazi wa ghala la viatu. Mzungu wa ofisi ile asingemjua, lakini Mkongo yeyote wa Columbus angemtambua kabla hajamaliza sentensi. Niliandika yote, na niliandika vizuri, nikichagua wapi pa kuweka machozi yake. Siku ya nne wakanijibu niende kwenye usaili.

Furaha ikanipanda kichwani. Dada mmoja wa kwaya ya vijana alikuwa anaomba nafasi ya chuo, akaniomba barua yangu aitumie kama mfano. Sisi kwetu huwezi kumnyima mtu mfano wa barua, ni kama kumnyima chumvi. Nikamtumia kwenye simu. Naye akawatumia wenzake, na wenzake nao wana wenzao.

Siku ya usaili niliacha gari nyumbani nikiogopa kuhangaika na maegesho mjini, nikapanda basi. Walikuwa mawakili watatu. Wakaniuliza kwa nini sheria. Nikawasimulia jambo la Mama Neema, nikaongeza hata yale ambayo barua haikuwa nayo. Mmoja wao nilimwona macho yamemlowa, nikajua nimeshinda. Hapo ndipo yule mwenye mvi alipoweka kalamu chini.

“Huyu mama anajua kwamba uko hapa unatuambia haya?”

Nikasema hapana, lakini sijataja jina. Hakunikasirikia. Akaniuliza tena, taratibu, huyo mama akiingia mlangoni kwao kesho kama mteja wao watamtazama vipi, na yeye hajawaambia neno. Wakaniuliza maswali mengine mawili ya adabu tu, wakanishukuru, wakasema watanipigia. Na wewe unajua maana ya kuambiwa watakupigia.

Kwenye basi la kurudi Morse Road nilikuwa nimefura. Nikajiambia kufichana hivyo ni mambo ya Wazungu, watu wasiomjua jirani wa ukuta wa pili. Sisi la mmoja ni la wote, tunalia pamoja, tunazika pamoja, nani atashtakiwa kwa kusema? Nilipanga hoja zangu kama niko mbele ya hakimu. Nikashuka kwa Mama Neema nimwambie mwenyewe, nikiamini atacheka na kusema si neno.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Binti yake mkubwa alikuwa amekaa pembeni, simu mkononi, na hakuitikia salamu yangu. Nikaelewa kwamba barua imenitangulia. Ilikuwa imezunguka kanisa zima, na binti alikuwa amemsomea mama yake kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Mama Neema alinipa kiti, akanipa maji. Nikaanza kuomba radhi na kujieleza, na kujieleza kulikuwa kurefu kuliko radhi. Aliniacha nimalize.

“Bon,” akasema. “Weye ulikuwa kinywa yangu. Miye sijue Kiingereza, donc nilikupatia mambo yangu yote unisemee kwa munganga na kwa tribinali. Sikukupatia uende kutafutia nayo kazi.”

Nikarudia kwamba jina sikulitaja.

“Jina ni ya nini?” akauliza. “Jana niliingia kwa kwaya, bote banyamaza.”

Hakupaza sauti, hakunifukuza. Nilipoinuka kuondoka alinifungia chakula kwenye kopo kama siku zote, na hicho ndicho kilichonivunja. Nilikula yale maharage nikilia, nakwambia ukweli, na zile hoja zangu za kwenye basi sikuikumbuka hata moja.

Wiki iliyofuata alikuwa na miadi hospitalini, na nilikuwa nimemwahidi usafiri. Nikampeleka kwa gari langu. Njia nzima tuliongea habari za mvua. Muuguzi alipoita jina lake, akaniashiria na mimi niingie, maana wote pale walinizoea. Mama Neema akatikisa kichwa na kuonyesha simu ya hospitali ya kupigia wakalimani wa mbali. Akaingia peke yake na sauti ya mtu asiyemjua, wa mji asioujua, mtu ambaye hatakutana naye kanisani Jumapili. Mimi nikabaki kwenye kiti cha kusubiria, nikasoma bango la kunawa mikono nikalimaliza, nikalianza upya. Mama yule hakupitia shule yoyote ya sheria, na alikuwa anataka kitu kile kile alichotaka yule wakili mwenye mvi: jambo la mtu lisitoke bila ruhusa yake. Niliona aibu sana pale kwenye kile kiti.

Ofisi ile haikunichukua, na ilikuwa na haki. Kiangazi kile nilipanga viatu ghalani. Mwaka uliofuata niliomba tena, safari hii nikafika hadi Buffalo ambako sikumjua mtu. Barua yangu ilikuwa fupi na haikuwa tamu. Niliandika kwamba nilikuwa mkalimani wa watu wangu, kwamba mmoja wao alinikabidhi jambo nikalitoa bila ruhusa yake, na kwamba nimekaa nje ya mlango wake nikijua kwa nini. Kwenye usaili mzee mmoja akaniuliza jambo lenyewe lilikuwa nini. Nikamwambia hilo siwezi kulisema. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, na mpaka leo sijui aliandika nini, lakini ndio walionichukua.

Hata kukusimulia haya, mwanangu, nimeomba ruhusa. Jana mchana nilimpigia Mama Neema. Bado yuko Columbus, goti linamsumbua, amehamia mtaa wa Clintonville kwa binti yake. Miaka yote hii tunasalimiana vizuri, hata kwenye harusi yangu aliimba, lakini jambo lake hajaniambia tena hata moja. Nikimuuliza hali yake, ananiuliza za watoto wangu. Nilimweleza kwamba binti wa kaka yangu anaomba nafasi kwenye ofisi za mawakili, na ningependa kumsimulia kosa langu.

“Umwambie ile ya kwako,” akasema. “Ile ya kwangu uache.”

Basi nimeiacha. Rudi juu uangalie: sijakuambia alipatwa na nini, na kwangu hutakuja kujua.

Sasa nasaha yangu ni hii. Usimtumie baba yako barua kwenye simu. Nenda nyumbani Jumamosi, kaa naye, umsomee aya ya pili yote kwa Kiswahili. Najua hapo kwenu yeye anasema Kiswahili na wewe unamjibu kwa Kiingereza. Safari hii mpe Kiswahili, hata kikikukwama. Ukimsomea kwa Kiingereza atatingisha kichwa tu akufurahishe. Ukimaliza, nyamaza. Akisema iache, itume. Akisema itoe, itoe yote, usibakize nusu kwa sababu ile sentensi ya mwisho ni nzuri. Na ni nzuri kweli, nimeiona. Akisema haraka haraka ni sawa huku anatazama televisheni, hiyo si ruhusa, mwanangu. Itoe.

Umwambie pia kwamba nimeisoma. Na mimi nitampigia nimwambie mwenyewe, maana siwezi kuendelea kuongea naye habari za gari.

Najua mwisho wa kupeleka ni Jumatatu. Najua pia kwamba bila aya hiyo barua inabaki nyembamba, na kwamba hii ndiyo nafasi unayoitaka kuliko zote. Andika ya kwako mwenyewe: uliyoyafanya, uliyoyakosea, unayotaka kujifunza kwao. Ikibaki nyembamba, iende hivyo hivyo. Kiangazi kingine kitakuja, mimi mwenyewe nilikisubiri. Ila kile kiti cha nje ya mlango nimekikalia kwa mama wa kanisani na kiliniuma. Sitaki wewe ukikalie kwa baba yako.

Mungu akufungulie mlango wa ofisi hizo. Akupe watu watakaokuja kwako na mambo yao yote, na akupe kifua cha kuyatunza. Na baba yako aendelee kukusimulia, mezani kwake, mpaka uzeeni.