Falafel ya Tui

Ramadhani ya kwanza baada ya kuolewa ilinikuta katika nyumba ya Mji wa Kale, bibi arusi mpya, jikoni mwa mtu. Kwetu ni Bondeni, si mbali, lakini mavyaa yangu, mama wa mume wangu, akiitaja Bondeni ungedhani nimevuka bahari kuja kwake.

Kitu kimoja nilichojivunia ni falafel, vile vidonge vya dengu vya kukaanga. Kabla ya kuolewa, mimi na wenzangu tulizila jioni karibu na Ngome ya Yesu, ndani ya mkate, mchuzi wa ufuta ukitutiririkia mpaka viwikoni. Kuzila nilikuwa hodari. Kuzipika sikuwahi hata siku moja, na hilo sikuona haja ya kumwambia mtu.

Basi nikasikia shangazi wa mume wangu anakuja kufuturu. Huyu ndiye aliyekuwa akiwapasisha mabibi arusi wa ukoo mzima. Akila akanyamaza, umekwisha. Vichochoro vyote vitajua kabla ya tarawehe. Nami kwa kiherehere changu nikasema, "Mama, leo niachie mimi. Nitapika falafel."

"Ni bajia?"

"Si bajia, mama. Ni za Kiarabu."

"Mungu atusahilishie," akasema, akatoka.

Falafel husagwa dengu mbichi, zilizorowekwa tu. Lakini mimi mtoto wa Mombasa, dengu nazijua za kuchemshwa kwa nazi, basi nikazitokosa mpaka zikalainika, nikajisifu. Nikazisaga na kitunguu thomu, dania na bizari. Kuonja siwezi, nimefunga, lakini harufu ilinipa kiburi.

Adhana ikiwa karibu, nikatia ya kwanza kwenye mafuta. Ikatoa povu, ikafumuka, ikapotea. Ya pili ikaifuata. Nikaisaka kwa upawa, nikaambulia chenga. Sebuleni namsikia shangazi, "Huyo bibi arusi yupo, ama amerudi kwao?"

Nikalia kweli kweli, upawa mkononi. Mavyaa akaingia, akachungulia karai, akachungulia bakuli la dengu zilizobaki.

"Sasa walia nini? Epua hayo mafuta. Nipa tui."

Akazimimina zote sufuriani, akatia tui zito, pilipili na ndimu, akakoroga bila kuniangalia. Sikujua kama amenikasirikia, na nilimwogopa kuliko shangazi. Adhana ikaita. Tukafungua kwa tende, na bakuli likafika mkekani likitoka moshi.

Shangazi akachovya mkate, akatafuna polepole. Mimi roho mkononi.

"Wifi, nini hii?"

"Falafel," akajibu mavyaa, uso mkavu.

"Falafel mimi nimeiona. Ni ya mviringo."

"Hiyo ni ya kuuzwa njiani. Ya nyumbani ndiyo hii."

Shangazi akafikiri, akachovya tena, kisha akalivuta bakuli upande wake. Mume wangu, aliyekula falafel nyingi pengine kuliko mimi, alikuwa akikodolea macho kikombe cha uji. Bakuli lilipokwisha, shangazi akanigeukia kwa tabasamu.

"Mwanangu, kesho njoo kwangu uwafunze binti zangu."

Nikainama. Kwake nikienda, nitaumbuka mbele ya jiko la watu.

"Atakuja," mavyaa akasema, akikusanya vyombo, "lakini nitakuja naye. Huyu ni wangu, simtoi peke yake."