Siku Nilipolia Mbele ya Sanamu ya Nimal

Mpaka leo nikipita mtaa wa Nyakato, karibu na kiwanda nilichofanyia kazi, kuna watu wakiniona wanainamisha macho, na siwalaumu, maana walionishuhudia nikilia siku ile walikuwa wengi, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui kama naonekana.

Ilikuwa miaka ile televisheni ndiyo kwanza zinaingia Mwanza. Nilikuwa fundi wa kuchomelea kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na Jumapili nafundisha kwaya. Mhandisi wetu wa mitambo ya barafu, Nimal, mtu wa Sri Lanka, alikuwa ametengeneza sanamu ya Buddha, mwalimu wa dini yao, kwa mabati na mota za zamani: amekunja miguu, kifuani ana televisheni, kwenye paji la uso ana kamera, na ukikaa mbele yake mkono wa kulia unainuka polepole (alisema maana yake ni usiogope). Akaomba kwaya yangu iimbe siku ya kuionyesha kwenye bwalo la kiwanda. Mzee wa kanisa hakupenda, nikambembeleza mpaka akakubali, tena akaja mwenyewe.

Watu wakiwa bado uani, Nimal akaniita ndani.

"Mwalimu, kaa hapa mbele kidogo. Mimi naenda nje kuangalia waya."

Nikakaa (ningeweza kusema nina kwaya ya kupanga, sikusema), akafunga mlango. Mkono ukainuka, na kifuani mwa sanamu nikaona uso wangu, mimi ambaye nilikuwa sijawahi kujiona kwenye televisheni. Nilikuwa nimekonda. Nikajikuta nasema, "Baba Neema, umezeeka," na lile jina likanimaliza, kwa sababu Neema, binti yetu, tulimzika masika yale kwa malaria, na mimi sikutoa chozi hata makaburini, watu wakanisifu nimejikaza, na mke wangu tangu hapo akawa ananijibu neno moja moja. Nikamwambia yule mtu wa kwenye kioo kwamba viatu vya Neema nimevificha kwenye sanduku la vifaa, kwamba kazini navaa miwani ya kuchomelea hata nisipochomelea ili macho yangu yasionekane. Nikapiga magoti, nikaegemeza paji la uso kwenye kioo, nikalia kwa sauti.

Kumbe huko nje Nimal alikuwa amefanikiwa kuunganisha waya za sanamu, nazo zilipeleka picha na sauti yangu kwenye televisheni nne alizozipanga uani. Walinisimulia baadaye kwamba mwanzoni watu walicheka, mwalimu wa kwaya anasujudia sanamu, halafu waliposikia ninachosema wakanyamaza.

Mlango ulipofunguliwa nilimwona mzee wa kanisa, kofia mkononi, na nyuma yake zile televisheni, zote zinanionyesha mimi. Nikatamani ardhi ipasuke. Mke wangu, aliyekuwa amekuja kusikiliza kwaya, akampita mzee, akaja kukaa sakafuni karibu yangu.

"Kumbe viatu unavyo wewe. Nimevitafuta nyumba nzima."

"Vipo hapa kiwandani."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa nikianza kusema nitashindwa kusimama."

Nimal alisimama mlangoni akirudia, "Samahani, Mwalimu, samahani." Kwaya haikuimba. Wazee wa kanisa wakanisimamisha kufundisha kwa miezi kadhaa kwa kupigia sanamu magoti, na sikubishana nao.

Siku hizi mtu akiniambia kaa mbele ya mashine, kwanza nauliza picha inakwenda wapi. Na nikishikwa na kilio cha Neema, namwita mama yake, tunakaa jikoni, tunalia wote.