Mgongo wa Shemasi Abner

Kanisani kwao Sironga, Tryphosa, mama yake Lavender, huingia akiwa mgongoni mwa mtu. Polio ilimnyang'anya miguu kabla hajaanza shule, na mlango wa kanisa uko juu ya ngazi za mawe. Basi kila Sabato shemeji yake Abner, ambaye ni shemasi, huchuchumaa mbele yake, yeye humkumbatia shingo, na waumini huwapisha wakitabasamu. Wageni huambiwa watazame upendo wa kanisa hili. Upendo upo, sikatai. Ila mwenye kubebwa hakuwahi kuulizwa.

Maana akishaketishwa, ameketishwa. Akibanwa na haja katikati ya mahubiri, avumilie. Ndiyo sababu asubuhi ya Sabato hagusi chai. Ibada ikiisha, Abner huwa na kikao cha mashemasi, na Tryphosa hubaki kwenye benchi akitazama akina mama wakifagia. Siku moja alitaja njia ya mteremko ya simiti kando ya ngazi, apande mwenyewe kwa kiti chake cha magurudumu.

"Simiti ya nini, na sisi tuko na nguvu?" Abner akasema.

Watu wakacheka, na Tryphosa mwenyewe akacheka. Kicheko chake hicho kinaniudhi mpaka leo.

Mwaka jana shirika moja la watu wenye ulemavu lilianza kukusanya ushahidi: je, Kenya inautimiza Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki zao? Tryphosa akaalikwa Nyamira mjini kuhojiwa. Na wapi? Ghorofani, kwa kuwa ukumbi wa chini ulikuwa umechukuliwa na kamati ya harusi. Hata aibu shirika halikuona. Abner akambeba tena.

Mhojaji alikuwa Istarlin, msichana wa Kisii mjini mwenye mkono mmoja. Aliomba radhi kwa zile ngazi, akawasha simu irekodi.

"Mama, unaweza kuingia na kutoka mahali pa ibada wakati unapotaka?"

"Huyu hana shida," Abner akajibu. "Tunabeba yeye kila Sabato. Hajawahi kosa."

"Nimeuliza yeye, mzee. Na kwetu mtu anahojiwa peke yake. Tupishe kidogo."

"Nikienda, nani atateremsha yeye?"

"Huendi mbali. Ngoja hapo nje ya mlango."

Abner akatoka amenuna. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba, na Tryphosa alijua kila neno litasikika nje. Akisema anabebwa vizuri, atarudi nyumbani kwa amani. Akisema kweli, mgongo wa kumteremsha ni ule ule. Hasira ilimpanda, na safari hii haikuwa hasira ya kukosa miguu.

"Siwezi," akasema. "Naingia wakinibeba, natoka wakinikumbuka. Niliomba mteremko, wakacheka."

"Ukitaka nisitaje kanisa, sitataja."

"Taja."

Walipomaliza, Abner aliingia, akachuchumaa bila kumtazama. Tryphosa akamshika shingo kama kawaida. Wakashuka hadi pale ngazi zinapopinda, Abner akasimama. Chini, kamati ya harusi ilikuwa ikibishana kuhusu keki.

"Mama Lavender, mimi nimekubeba tangu ndugu yangu alikufa. Sema hukumaanisha."

"Niteremshe kwanza, shemeji."

"Sema."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia, na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu Tryphosa alimpenda sana mtu huyu. Samahani ilikuwa imeshamfika kooni. Akakaza mikono asije akaanguka, akamwambia sikioni:

"Nilimaanisha."

Abner hakusonga. Kiti cha magurudumu kilionekana kule chini, karibu na mlango, na Tryphosa hakuwa na la kufanya ila kuendelea kumshikilia.